Ganda Tupu Kinuni

Kinu kilikuwa kimeshatolewa uani, kimeoshwa, kimefutwa, kimesimamishwa katikati ya wanawake, na kila mmoja alikuwa anaulizia zamu yake ya mchi. Evodia alikaa kando, kwenye ngazi ya jikoni, kamera mapajani, akiwatazama tu.

Yeye ndiye aliyerekodi ngoma ya ndani ya Sabra. Kwao ni Rangwi, na msalaba mdogo hauondoki shingoni, lakini wanawake hawa wa Vuga, Waislamu karibu wote, walikuwa wakimwita yeye kila walipomwozesha binti. Sababu zilikuwa mbili: ni mwanamke, na hana maneno mengi. Kwenye ngoma ile mwanamume haingii, hata awe mtoto, maadamu ameshajua kutembea. Bibi harusi anavua mtandio, anafundwa, anacheza mbele ya mama zake na shangazi zake vile atakavyomchezea mumewe peke yake. Ya humo yanabaki humo.

Ila kujitazama nako watu wanakupenda. Ndiyo maana walijiwekea desturi yao: harusi ikishapita, wanakutana, wanaitazama filamu mara moja tu, wote kwa pamoja, kisha kadi inatwangwa kinuni mbele ya macho yao. Kusema imefutwa hawakutaka kusikia. Kuna binti mmoja wa huko bondeni picha zake zilifutwa, simu ikauzwa, fundi akazirudisha zote, zikazunguka kwenye magrupu mpaka zikamfikia baba mkwe. Binti alirudishwa kwao na sanduku lake. Sabra alikuwa anamjua. Kabla ngoma haijaanza alimshika Evodia mkono akamwambia, "Dada, kama kadi haitwangwi, mimi sichezi." Evodia akagusa msalaba wake. "Itatwangwa, mdogo wangu. Nitasimama palepale nione."

Sasa siku ilikuwa imefika. Sabra amekuja kwao kusalimia, hina bado imekoza mikononi. Filamu wameshaitazama kwenye tivii kubwa waliyoiazima kwa Dula, mwenye banda la video pale Soni, wamecheka mpaka wakashikana mbavu, na Dula mwenyewe ameshakuja na kirikuu chake, kigari cha mizigo, kuichukua, maana saa kumi kuna mechi na banda lake linajaa.

"Kadi iko wapi?" akauliza Shangazi Shadya, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Tanga, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu toka kilima cha pili.

Modesta, binamu yake Sabra, ndiye aliyekuwa mshika mitambo siku hiyo. Akapekua mkoba wa kamera, akainua kitu cheusi. "Hii hapa, shangazi!"

Ikatupwa kinuni. Vigelegele!

"Mtwange huyo mbea!"

"Asiseme tena!"

"Nipishe na mimi nimpe moja, aliniona nikianguka!"

Mchi ukapokewa mkono kwa mkono, ukaenda juu ukashuka. Evodia akainuka, akasogea, akachungulia. Ahadi yake ilikuwa kuona, basi akaona. Ndani ya kinu mlikuwa na vipande vya plastiki, na kimoja kilikuwa kimepasuka kama ganda la karanga, kikaonyesha nafasi ndani yake. Nafasi tupu.

"Subirini," akasema.

Hakuna aliyemsikia. Akaushika mchi ukiwa hewani.

"Mama zangu, subirini! Hili ni ganda. Kadi yenyewe ni ndogo kama ukucha, inakaa humu ndani. Modesta, ile ndogo uliitoa?"

Modesta akaokota kipande cha lile ganda. "Tivii haina tundu la hili kubwa," akasema taratibu. "Nikaichomoa ile ndogo, nikaitia kwenye kile kichomeo kidogo kama flashi..."

"Kiko wapi?"

"Nyuma ya tivii."

Modesta akaendelea, machozi yakimlenga. "Na ile tivii ukiiwasha tu, inaanza kucheza kilichochomekwa. Yenyewe. Haiulizi."

Sabra akakaa chini pale pale aliposimama. "Banda zima," akasema. "Shemeji zangu wote wanatazama mpira pale."

"Mpigie Dula!" mmoja akapaza sauti.

"Umwambie nini?" akamkata Shangazi Shadya. "Kwamba kuna kitu nyuma ya tivii, tafadhali asikiangalie? Dula huyu huyu?" Alikuwa ameshajifunga kanga kiunoni. "Evodia, twende!"

Nje Darweshi alikuwa amejilaza juu ya pikipiki yake, akingoja abiria. Mzee wa bodaboda, hakimbizi chombo kwa lolote. Kabla hajakaa sawa, wanawake wawili walikuwa wameshapanda nyuma yake.

"Soni, mghoshi, mzee wangu! Washa!"

"Mbona mbio hivyo? Mmesahau mtoto?"

"Ndiyo, mtoto!" akasema Shangazi Shadya. "Endesha!"

Aa, Darweshi kusikia mtoto! Akasahau umri wake. Pikipiki ikaruka mashimo, ikalala kwenye kona kama inataka kuchuma maharage ya watu. Wachuuzi wa kabichi wakapanda ukingoni na vikapu vyao. Evodia alikuwa nyuma kabisa, amemkumbatia Shangazi Shadya, vumbi jekundu mdomoni, na katikati ya hofu ile akajikuta anacheka. Shangazi naye anacheka, huku anamsomea Darweshi dua na kumtukana kwa pumzi moja.

Kirikuu kilikuwa nje ya banda, kitupu.

Mlangoni alikaa mzee mwenye kofia ya kufuma. Tangu azaliwe Evodia hajawahi kumpita mtu mzima bila shikamoo. Siku hiyo alimpita. Ndani giza, mabenchi yamejaa, harufu ya kahawa na jasho. Tivii ilikuwa imeshatundikwa, na Dula amenyoosha rimoti.

Shangazi Shadya akavuta hewa apige kelele, Evodia akamminya mkono. Kelele zingewafanya watu wote watazame. Akainama, akapita ukutani taratibu, kama mtu anayetafuta nafasi ya kukaa.

Kioo kikawaka bluu.

Duara dogo likazunguka. Ngoma ikaanza kulia, dum-dum, na kigelegele kimoja kirefu, cha Shangazi Shadya mwenyewe, kikajaa banda zima.

"Eh! Mpira gani huu?" mtu akasema.

Kanga ikaruka. Shangazi Shadya alikuwa ameifungua kiunoni na kuifunika tivii yote kwa mikono miwili, amesimama mbele yake kama golikipa. Evodia akapitisha vidole nyuma, akapapasa waya, mgongo wa tivii wenye joto, akagusa kichomeo, akachomoa. Ngoma ikakatika.

"Mama, toka hapo! Ngoma gani ile?" wakapiga kelele mabenchi ya nyuma.

"Ya siku uliyozaliwa wewe!" akajibu shangazi. "Mama yako alilia tulipokuona ulivyo mbaya!"

Banda likaangua kicheko, Dula akicheka kuliko wote, na kwenye kicheko hicho wale wawili wakatoka. Mlangoni Evodia akarudi hatua moja. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Sasa ndiyo umeniona?"

Darweshi akawarudisha Vuga, wakawakuta wanawake wamesimama barabarani. Uani Evodia akafungua kiganja: kadi, ndogo kama ukucha kweli, na juu yake nukta ya rangi nyekundu ya kucha ambayo yeye huziwekea kadi zake zote. Ndiyo yenyewe.

Sabra akaichukua. "Mimi mzima niko humu?"

"Mzima."

"Tuiangalie tena kidogo?" Modesta akanong'ona.

Sabra akaigeuza, akaigeuza tena. "Nilicheza vizuri?"

"Bibi yako alitoa machozi," akasema Evodia.

"Basi inatosha."

Safari hii Evodia ndiye aliyeelekeza. Mkasi wa kukatia bati kwanza, vipande vinne. Kisha vikafungwa kwenye kitambaa, visiruke nje ya kinu. Kisha mchi, na bibi harusi mwenyewe ndiye wa kwanza. Walitwanga mpaka wakachoka, wakafungua kitambaa, Evodia akachungulia kwa muda mrefu. Unga mweusi. Nukta nyekundu haikuonekana popote. Akaitikia kwa kichwa, na vigelegele vilivyopanda hapo nadhani Soni walivisikia.

Nje ya uzio Darweshi alikuwa bado anangoja, roho haijatulia. "Jamani!" akaita. "Mtoto amepatikana?"

"Amepatikana, baba!" akajibu Sabra, mchi mkononi, jasho linamtiririka, anacheka. "Tumeshamtwanga!"

Huko nje pikipiki ikawashwa, ikashuka kilima mbio kuliko ilivyokuja.