Chokaa Mikononi

Bwana Afya, mzungu mkaguzi wa manispaa, alifika mtaa wa lokesheni Alhamisi asubuhi. Akaingia chumba cha kwanza cha Nanzala, akatoka, akaingia cha pili, akatoka, mpaka cha sita, na kila akitoka uso umekunjamana zaidi, kama mtu aliyeonjeshwa maziwa ya mursik bila kuambiwa ni nini.

"Hii michoro ni nini?"

"Ni maua tu, bwana. Na hiyo ni mto."

"Hapana maua. Hii nyumba ya kunguni. Piga chokaa, yote. Mimi narudi saa kumi. Kama bado, napiga X."

Kila mtu pale mjini Sisibo alijua X. Nyumba ikipigwa ile rangi nyeusi mlangoni, wiki haiishi kabla watu wa manispaa hawajaibomoa na ploti kupewa mwingine. Kimeli, askari aliyekuwa akimbebea bwana karatasi, alibaki nyuma kidogo, akanong'ona, "Mama, huyu hatanii. Na mwenye nyumba lazima awe hapa akirudi. Asipokuona, ni X tu."

Sasa huyu Nanzala si mtu wa mchezo. Ndiye mwanamke wa kwanza kwenye mstari ule kujenga vyumba vya kukodisha bila mwanaume kumshikia hata kamba. Bwanake, Kituyi, alikuwa karani wa reli kule Nakuru, anakuja Krismasi, anarudi. Nanzala alianza na chumba kimoja cha udongo, leo ni sita. Na kupangisha alijua! Akisikia treni imeleta makarani wapya, yuko stesheni kabla hawajashusha masanduku. "Karibu baba, nikuonyeshe mahali mtu analala kama mtu." Akifika anafungua dirisha kwanza. Mwanga unaruka ukutani, mgeni anaona mawimbi mekundu ya udongo wa mto Sosiani, vitone vya majivu, mistari ya makaa inayopindapinda kama njia za ng'ombe. Anasahau hata kuuliza kama bati linavuja.

Lakini ukweli usemwe, hakuwa anachorea wapangaji. Alichora kwa sababu vidole vilimwasha. Kutafuta wapangaji kulikuwa kwa tumbo, kupika kulikuwa kwa mtoto, ila michoro ilikuwa yake peke yake. Nabwire, binti yake wa miaka mitatu, alikulia pale chini ya ngazi, akilala juu ya gunia, akiamka na udongo mdomoni. Kuna siku mama alikolea kwenye ukuta mpaka mtoto akatembea akafika relini. Kageha, mpangaji wa chumba cha tatu, ndiye alimrudisha mgongoni. Na maneno ya lokesheni hayana breki. Yalipanda basi yakafika Kimilili, kwa wakwe.

Ndiyo maana siku hiyohiyo ya chokaa, kabla ndoo ya kwanza haijaisha, mlango ulijaa mtu. Alikuwa Namalwa, mama mkwe, kifurushi kichwani, barua mkononi.

"Mulembe, mayi," Nanzala alisalimia kutoka juu ya ngazi, moyo ukishuka kabla yake.

"Mulembe. Usishuke. Naona una kazi." Namalwa akaweka kifurushi chini, akatazama kuta. "Mwanamke ana vyumba sita na hana paja moja la kumpakata mtoto."

"Mayi, leo ni siku mbaya..."

"Siku nzuri ni gani? Ile alipatikana relini?" Akainua barua. "Huu ni mkono wa bwanako. Anasema Nabwire akae kwangu mpaka aanze shule."

Nanzala aliujua mwandiko. Zile herufi za karani, zimesimama wima kama askari. Kituyi hakuwa amemuuliza chochote.

"Mayi, nakuomba. Nimalize hizi kuta, Bwana Afya aondoke, tukae jioni tuongee. Nikiacha sasa, nyumba zinaenda."

Namalwa hakujibu. Akaketi kwenye kigoda, akamchukua mtoto, akaanza kumchana nywele taratibu. Nanzala akajiambia amekubali. Hapo ndipo alipokosea. Alisahau yule mama, akinyamaza, ameshamaliza kuongea.

Akapiga chokaa. Maua yakaenda. Mto ukaenda. Alikuwa hana brashi ya pili, kwa hivyo pembeni alipaka kwa kiganja, na chokaa mbichi ikamla ngozi mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa chumba cha tano Kageha alipoingia akihema.

"Wewe Mama Nabwire! Kukhu, nyanya yake, amebeba mtoto! Wako kwa basi ya Kitale ya kwenda kwao, hiyo ya saa nane!"

Nanzala aliruka kutoka kwa ngazi, hakushuka. Akakimbia bila viatu, akapita maduka ya Wahindi, watu wakimpisha kama wameona jini, maana alikuwa mweupe mpaka nyusi. Basi ilikuwa inanguruma. Namalwa alikuwa dirishani, mtoto pajani, na mtoto alikuwa na skonzi.

"Mama!" Nabwire aliita, akafurahi, akanyoosha mikono nje ya dirisha. "Mama, nimepanda basi!"

Nanzala akainua yake.

"Usimguse!" Namalwa akamvuta mtoto ndani. "Hiyo ni chokaa, utamchoma macho!"

Na ilikuwa kweli. Nanzala alitazama mikono yake, nyekundu chini ya ule weupe, akairudisha kifuani. Akajaribu kuifuta kwa leso, na leso nayo ilikuwa chokaa tupu.

"Panda twende," Namalwa akasema, na sauti haikuwa kali tena. "Nafasi iko. Si nakuambia, mwanangu? Panda."

Kondakta akapiga bati. "Mama mweupe, unaingia ama huingii?"

Miguu ya Nanzala ilikataa mbele, ikakataa nyuma. Chumba cha sita kilikuwa bado. Alifungua mdomo aseme ngojeni, lakini nani angengoja? Basi ikaondoka. Nabwire alikuwa anapunga skonzi.

Alirudi, akamaliza chumba cha sita. Saa kumi ikafika, akasimama mlangoni. Saa kumi na moja. Jua lilipoanza kuegemea, Kimeli akaja na baiskeli, peke yake.

"Bwana amealikwa tenisi kule klabu," alisema, bila kumtazama usoni. "Atakuja wiki ijayo, labda." Akachungulia ndani. "Lakini kumekuwa safi, mama."

Alipoondoka, Kageha alileta karai la maji na mafuta ya kupaka, akaanza kumwosha mikono. Nanzala alikuwa akitazama barabara ya Kitale.

"Kageha, hiyo basi saa hizi imefika wapi?"

"Imepita Soy zamani, mama. Lete huo mkono mwingine."