Ushahidi wa Mtani

Bi Asia wa mtaa wa Chuno alikuwa mtu wa kuchungua. Mchele aliuchagua mara mbili, muuza samaki alimlazimisha kufunua mashavu ya kila samaki, na wanaume waliokuja kuposa binti zake walihojiwa mpaka wakajuta kuzaliwa. Mmoja alikataliwa kwa sababu bibi yake mzaa mama aliwahi kumnyima jirani kaa la moto. Watu wakisema, "Asia hadanganyiki," alijifanya hakusikia ili waseme tena.

Uzee ulipomshika magoti, mikorosho aliyoachiwa na mama yake kule Naliendele ikawa mbali kuliko Makka. Akaiuza. Fedha ikaingia benki, naye usingizi ukamtoka. Si kwamba aliogopa umaskini, huo alikwishauzoea. Aliyemwogopa ni Husna, mke wa mwanawe Omari, kule Mtawanya. Tangu Husna aolewe, Asia alikuwa amemsimanga mbele za watu: hajui kupika, hajui kuzaa, na alipozaa ikawa hajui kulea. Fedha ile ikiisha, Asia angekwenda kula kwa Husna, na hilo alilijua usiku na mchana. Basi akaamua kutafuta mshauri wa fedha, mtu mwaminifu, asiye wa benki wala wa kampuni yoyote, ampangie mali yake imlishe mpaka kaburini.

Wa kwanza aliyemwendea alikuwa Jesca, binti aliyeacha kazi ya benki akakodi chumba nyuma ya duka la vitambaa. Jesca alimwamkia, akampa kiti, kisha akamtajia bei ya ushauri wake kabla hajaulizwa.

"Kumbe unauza maneno?" Asia alisema.

"Nauza ushauri, mama. Siuzi bima wala hisa, na hakuna kampuni inayonipa kamisheni. Unanilipa wewe, ndiyo maana nitakutetea wewe. Fedha yako sitaigusa, itakaa kwa jina lako." Binti alimtazama kidogo, akaona hali si nzuri. "Hata usiponichukua mimi, huyo utakayempata muulize nani anamlipa. Halafu watafute watu aliowahudumia, uwaulize yeye akiwa hayupo."

Asia alicheka mpaka mwenye duka akachungulia. Kwao ushauri hutolewa na wazee, bure, na kahawa juu. Alirudi mtaani akatangaza kwamba kuna msichana Chuno anauza mate yake kwa bei ya mbuzi. Wanawake wakawa wanapita kuchungulia mlangoni, watoto wakampa jina la Muuza Mate, na wateja wachache aliokuwa nao wakaona aibu kuonekana pale. Kabla ya Idi chumba kile kilikuwa na fundi simu. Asia alipopita akamwona fundi, alisema alhamdulillahi, na alisema kwa moyo.

Ndipo akaja Yusufu. Naye alijiita mshauri wa kujitegemea, ila ushauri wake ulikuwa bure. Hapo mwenye akili angetimua mbio. Asia alitandika mkeka.

Tusimwonee lakini, swali la Jesca alilikumbuka. "Nani anakulipa, mwanangu?" aliuliza.

"Mwenyezi Mungu, mama," alisema Yusufu, macho chini.

Jibu hilo lilimshukia Asia tumboni kama uji wa asubuhi. Hata hivyo hakuridhika upesi, maana yeye ni Asia. Akaanza kumchunguza kwa namna aliyoijua, na namna aliyoijua ni ya kumchunguza mchumba. Aliulizia ukoo wa mama yake hadi kwa babu wa babu, ukooni humo hakukuwa na mchawi. Alimuuliza mwadhini kama kijana anaonekana alfajiri, akaambiwa anaonekana na udi ananukia. Alikwenda kwake bila taarifa ili amwone mkewe, akamkuta amenona na anaimba. Alitazama hata visigino vya viatu vyake, vimeisha upande mmoja, akasema moyoni huyu hana makuu.

Yusufu alimwambia fedha yake itaingia kwenye mashamba ya chumvi. Akakodi gari, akampeleka mpaka pwani ya kusini, kabla hujafika mto Ruvuma unapoingia baharini, akamwonyesha madimbwi meupe yanayoumiza macho na vibarua wakikwangua. Asia alishuka na magoti yake mabovu, akachovya kidole, akalamba. Ilikuwa chumvi. Akarudi garini ametulia kabisa, na mashamba yale ni ya nani hakuuliza.

Likabaki jambo moja. Asia aliamini kwamba mtu humjui mpaka umwone msibani, na Mungu si Athumani, mzee mmoja akafa Mtawanya. Asia alikwenda, akakaa na wanawake mahali anapoweza kuwaona wanaume. Yusufu alibeba jeneza, akachanga, akachota maji. Kisha akaingia mzee Hemedi.

Ukoo wa Hemedi na ukoo wa Yusufu ni watani tangu mababu. Mtani msibani ana ruhusa ya kumtukana mtani wake tusi lolote, wala hakasirikiwi. Hulipwa tu, na akilipwa hunyamaza. Hemedi alikuwa amevaa kapu kichwani na gauni la mkewe.

"Akina mama, fungeni mikoba!" alipiga kelele. "Yusufu yumo humu! Huyu ntu akikushauri asubuhi, jioni unaazima kanga ya kujifunika!"

Msiba mzima ukaangua kicheko. Wafiwa wenyewe walicheka.

"Mnacheka? Muulizeni Mariamu wa Naliendele, yule mjane wa karibu na kisima! Kamla fedha zake, kamla na mabati! Mama wa watu analala chini ya nyasi, mvua ikinyesha anaoga bila kupenda!"

Yusufu mwenyewe alicheka, ameshika mbavu. "Na mkeo je? Sijamla?" akajibu, watu wakazidi kuanguka.

Asia alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya ushungi. Hemedi akamwona, akamnyooshea kidole. "Na huyu anayecheka mpaka jino la mwisho linaonekana, huyu ni wa kesho!"

Hapo Yusufu akatoa noti, Hemedi akaichomeka kwenye kapu lake, akaketi kula ubwabwa. Mila ikawa imetimia.

Asia alirudi nyumbani amemaliza uchunguzi. Mtu anatukanwa hivyo mbele ya watu na anacheka, huyo ana subira, na mwenye subira hali mali ya mtu. Naliendele aliijua kama kiganja chake, alikuwa na mikorosho huko. Kisima alikijua. Bajaji ingemfikisha na kumrudisha kabla wali haujaiva. Lakini nani apande bajaji kwenda kuhakiki utani? Angechekwa. Asia alikuwa tayari kupoteza vyote isipokuwa jina la kutochekwa.

Akaweka dole gumba kwenye karatasi za Yusufu, na benki ikamhamishia Yusufu fedha yote. Miezi ya kwanza faida iliingia kwenye simu, mlio wake akaupenda kuliko adhana. Alinunua doti ya kanga yenye maneno ya kuchoma, akampelekea Husna kama zawadi, akakaa hadi Husna alipoyasoma. Husna alisema, "Ahsante, mama," akaikunja.

Kisha simu ikanyamaza. Mwezi wa kwanza Yusufu alisema ni mvua. Mwezi wa pili alisema ni bei. Mwezi wa tatu hakusema, maana alikuwa amevuka Ruvuma kwa mtumbwi kwenda Msumbiji na yule mkewe aliyenona.

Asia alikodi bajaji, safari hii akakodi, mpaka kwenye mashamba ya chumvi. Alimkuta Zahir, mtoto wa mzee Ramzanali mwenye duka Mikindani.

"Mashamba haya ni ya baba tangu sijazaliwa, mama," alisema Zahir, na alisema kwa upole uliomuumiza Asia zaidi. "Yule bwana Yusufu namjua kwa sura. Huwa analeta wazee kutazama chumvi, anawapa vibarua soda. Sisi tulidhani mnatembea tu kubadilisha hewa."

Toka hapo alimwambia dereva ampeleke kwa mzee Hemedi. Alimkuta anabangua korosho, mikono myeusi kwa utomvu.

"Ulijua!" Asia alipiga kelele. "Ulijua, na hukuniambia!"

"Nilikwambia, dada. Nilikutajia ntu, nikakutajia kijiji, nikakutajia na kisima. Ulitaka nikubebe?"

"Ulikuwa utani! Ungeniita pembeni, ukaniambia kama mtu mzima!"

"Pembeni ungesema nna wivu, halafu ungekwenda kumwambia Yusufu, naye angenipeleka polisi kwa kumchafulia jina. Mimi msibani tu ndiko naweza kusema kweli nisishtakiwe."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Si alinilipa?" Hemedi alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linakuchwa. "Ntani akilipwa hunyamaza. Na wewe ulikuwa na mkoba pale, dada. Ungenilipa zaidi yake, ningeendelea."

Asia aliufungua ule mkoba, haukuwa na senti. Nauli ya kurudi Chuno alimkopa huyo huyo Hemedi.

Kodi ya nyumba ilipomshinda, Omari alikuja na mkokoteni akamhamishia Mtawanya. Husna alimpokea vizuri. Alimpa chumba chenye dirisha, akamtandikia shuka safi, akamwita mama. Hakumnyima kitu, maana angemnyima, Asia angekuwa na la kwenda kulalamika kwa majirani. Ila kila wageni walipokuja, wakishakaa na kuulizana hali, Husna alisema kwa adabu zote, "Mama, hebu wasimulie wageni ile habari ya mshauri wako."

Mara ya kwanza Asia alikataa. Husna hakufoka. Sahani ya mama ilisahaulika jikoni mpaka baada ya isha, na Omari alikuwa ameketi palepale, akitazama mikono yake. Mara ya pili Asia alisimulia, na wageni walicheka kwa kujificha. Siku hizi anaisimulia vizuri mno. Anajua wapi aige sauti ya Yusufu, na wapi anyamaze ili wageni wamalize kucheka. Wakishafuta machozi, Husna humwongezea mchuzi.