Sahihi ya Shahidi

Dereva wa kitanda cha tisa, aliyevunjika nyonga, alikuwa mtu wa utani. Siku alipopandishwa wodini alisema lori ndilo lililostahili kulazwa. Basi saa saba mchana aliposema, "Sista, hii sindano yenu imechacha," muuguzi akacheka. Kisha akaona shuka aliloliuma kwa meno, na kicheko kikamkauka.

Akaingia chumba cha dawa, akafungua daftari la dawa kali. Kitanda cha tisa, mofini, saa sita kamili. Aliyechoma: Mama Funguo, mkuu wa wodi. Shahidi: yeye mwenyewe.

Hakushuhudia kitu. Sheria inataka kichupa kivunjwe mbele ya macho manne, na dawa ifuatwe hadi mwilini mwa mgonjwa. Lakini wagonjwa walikuwa arobaini na wawili, wauguzi wawili. Miaka sita nyuma wakubwa walikuja na tai zao, wakaahidi wauguzi wanane, wakapigwa picha, wakaenda zao. Tangu hapo sahihi za ushahidi zilitiwa asubuhi, ukurasa mzima kwa mkupuo, kazi isikwame. Wote walijua, na likiharibika wote wangesema hawakujua.

Akarudisha kurasa. Siku tano, vichupa kumi na saba, jina lake kila mstari. Leseni. Jela. Na mwanawe wa darasa la pili, nani angemfuata shuleni?

Mama Funguo akaingia, akaliona daftari, akaurudishia mlango taratibu. Ndiye aliyemfundisha kushika sindano. Akaeleza kwa upole kwamba mgongo wake umekufa kwa kunyanyua watu, kwamba bila hiyo dawa hasimami, kwamba ataacha wiki ijayo.

"Mwanangu, humo tumo wawili. Ukinizamisha, unazama."

"Najua, mama."

"Basi mpe panadoli, atalala."

Ng'ambo ya ukuta dereva alikuwa akiguna, bila utani wowote. Muuguzi akaishika kalamu. Daftari lile halifutwi. Kosa huandikiwa chini yake. Akaandika: *Sikushuhudia. Nilitia sahihi kabla. Naamini mgonjwa hakupata dawa.* Akaweka tarehe na saa, akampigia daktari wa zamu kwa sauti ambayo hakuitambua kuwa yake.

Daktari alikuja na mfamasia. Safari hii muuguzi aliona kila kitu: kichupa kikivunjwa, dawa ikipanda kwenye bomba la sindano, ngozi ikipokea. Baada ya robo saa meno ya dereva yaliliachia shuka.

Ndipo daktari, bila kumtazama, akamwambia akakae ofisini na asitoke. Akakaa. Mama Funguo alikuwa kiti cha pili, amegeukia ukuta. Nje nyayo za watu zilikuwa zinakaribia, nyingi, za viatu vigumu. Na kule wodini sauti ikaanza kumwita sista, ikaita tena, wala hapakuwa na muuguzi hata mmoja wa kuitika.