Kibuyu Kilichoombwa Mikinduri

Gacheri, mwongoza watalii, alikuwa na mtindo wake wa kuwaingiza wageni nyumbani kwa Felicitas, na mtindo huo ndio uliomponza. Kabla mtu hajaketi, ilibidi ataje jina lake na ukoo wake. Watu wa Nairobi waliupenda sana mchezo huu. Wengine walipiga simu kwa baba zao kuulizia, wakachekwa, na kufikia wakati wa chakula walikuwa wamezoeana.

Safari yenyewe ilikuwa ya siku mbili. Jumamosi gari lilitoka Meru mjini, likapita Nchiru kuona nyumba ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, likapanda vilima vya Mikinduri kwa chakula cha mchana nyumbani kwa Felicitas, kisha jioni likashuka hadi Embu kulala. Kesho yake wageni walionyeshwa mapishi na ngoma za Waembu. Gacheri aliieleza historia vizuri, lakini hakujidanganya. Watu walirudi, wakaleta na shemeji zao, kwa sababu ya uji wa Felicitas.

Felicitas alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja na maneno machache. Uji wake wa wimbi aliuchachusha ndani ya kibuyu alichopewa na mama yake siku alipoolewa. Kila baada ya kukiosha alikipiga moshi ndani kwa kijinga cha moto, na moshi wa miaka yote hiyo ulikuwa umeingia kwenye ngozi ya kibuyu. Aliwahi kujaribu chombo kingine, akaishia kuwamwagia kuku uji huo.

Kila Jumamosi, gari likiwasha injini, aliuliza swali lile lile akiwa ameshika lango. "Huko Embu wanakula nini?" Na kila Jumamosi Gacheri, huku akihesabu watu wake, alimjibu bibi huyo, "Utaenda siku moja, cucu, ujionee." Halafu lango lilifungwa. Viti vyote vilikuwa vimelipiwa, na ng'ombe hakuwa na wa kumkatia majani.

Jumamosi hiyo, miongoni mwa wageni alikuwemo Kinoti, injinia wa barabara, mtu mnene mcheshi aliyezaliwa Nairobi na ambaye Kimeru chake kiliishia kwenye salamu. Zamu yake ilipofika alitaja jina, akapiga simu, akautaja ukoo wa babu yake. Gacheri alimwona Felicitas akitua sufuria chini polepole. Hakulitilia maanani, kwani mukimo wa viazi na mahindi ulikuwa unapoa.

Walikula. Uji ukaja. Kinoti alikunywa bakuli la kwanza, la pili, kisha akakinyanyua kibuyu chenyewe na kukitingisha sikioni.

"Shosho, hii kibuyu imenimaliza," alisema. "Nipatie, niende nayo Nairobi."

Wote walicheka. Felicitas hakucheka. Alikichukua kibuyu, akakipangusa kwa leso yake, akamrudishia Kinoti kwa mikono miwili.

"Ni yako," alisema.

Hapo ndipo Gacheri alipofahamu. Watu wa ukoo wa Kinoti na wa ukoo wa Felicitas walikuwa gichiaro. Mababu zao walikula kiapo cha undugu, na tangu hapo mtu wa upande mmoja hamnyimi wa upande wa pili kitu alichokiomba. Akimnyima, au akampa kwa kinyongo, balaa humwandama yeye na watoto wake. Vijana wa mjini hulifanyia mzaha jambo hilo, lakini hakuna anayethubutu kulijaribu.

Alimfuata Felicitas jikoni. "Cucu, huyo mtu alikuwa anacheza tu. Wacha nimwambie arudishe."

"Ukimwambia hivyo, ni mimi nimemnyima kupitia mdomo yako." Felicitas alikuwa akisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. "Wewe ndio uliwaambia wataje ukoo. Mimi singeuliza."

Gacheri aliondoka akiwa na aibu ya mtu aliyevunja chombo cha watu, na langoni, kwa mara ya kwanza, Felicitas hakuuliza lolote.

Walisimama sokoni Mikinduri kuwaona wachuuzi wakifunga miraa kwa majani ya migomba. Kinoti alikipakata kibuyu kama mtoto wa kwanza. Gacheri alijiambia kwamba amekatazwa kukidai kibuyu, ila hajakatazwa kufanya kazi yake, na kazi yake ni kueleza mila. Basi akawakusanya kando ya gari, akawaeleza gichiaro kuanzia kiapo hadi balaa, bila kumtazama mtu.

Kicheko cha Kinoti kilikufa kidogo kidogo.

"Kwa hivyo hangeweza kukataa?"

"Hangeweza."

"Na nikirudisha?"

"Ni kumwambia kitu yake ni mbaya. Hiyo ni matusi."

Kinoti alikitazama kibuyu, akapangusa uso. "Na yeye akiniomba kitu?"

"Wewe pia huwezi kukataa."

"Basi turudi, aniombe."

Isaack, dereva, aliangalia jua. "Madam, tukirudi, chakula ya Embu tutakula ikiwa barafu."

"Geuza gari, Isaack," alisema Gacheri.

Walimkuta Felicitas akimkatia ng'ombe nyasi za napia. Kinoti alisimama mbele yake, kibuyu kifuani, akasema amekuja kuombwa. Chochote. Gacheri alikuwa nyuma yake, akimkonyeza bibi kwa macho yote mawili: sema kibuyu, cucu, sema tu kibuyu.

Felicitas alifuta panga kwenye nyasi. Alimtazama Kinoti, akakitazama kibuyu, kisha akalitazama gari.

"Nataka kiti yako," alisema.

Mwanzoni hawakuelewa, hata Gacheri. Felicitas akalazimika kunyoosha mkono kuelekea dirishani, penye koti la Kinoti. "Hiyo ya Embu. Utabaki hapa mpaka kesho jioni. Jirani yangu Mutegi wa hapo chini atakuja kukama. Wewe utakata majani."

Kinoti alikwenda kulitoa koti lake.

Felicitas alitoka ndani na gauni la kanisani na kilemba kipya, akaketi karibu na dirisha, mkoba mapajani. Gari lilipoanza kusogea, alitoa kichwa nje. "Hiyo kibuyu usioshe na sabuni," alimwambia Kinoti, aliyesimama langoni na panga mkono mmoja na kibuyu mkono mwingine. "Na usiiache bila moshi. Ni yako sasa."

Gacheri aliwahesabu watu wake kama kawaida. Alipofika kwa Felicitas alisita. Miaka mitatu alikuwa amempitishia watu mlangoni, akiwaita wageni, na huyu hakuwahi kumfanya mgeni hata siku moja. Iliuma, na ilistahili kuuma.

Felicitas alimgusa mkono. "Sasa," aliuliza, "huko Embu wanakula nini?"

Gacheri alikuwa na jibu lake la kila Jumamosi, akaliacha.

"Sogea kidogo, cucu," alisema. Akaketi kando yake, akaanza kumweleza.