Cheni ya Daktari wa Kuku

Jumanne ile Evodia alimfukuza kuku mmoja kutoka uani kwa mama Selina hadi katikati ya shamba la alizeti la jirani. Akarudi na manyoya matatu mkononi na goti linalovuja damu. Kosa halikuwa la kuku. Lilikuwa la cheni.

Evodia ni mchanjaji wa kuku kule Misigiri. Chanjo ya kideri, ugonjwa unaomaliza kuku banda zima, ni tone moja tu la jichoni, kazi nyepesi kabisa, ilimradi kuku bado yumo bandani. Mlango ukishafunguliwa, kwisha habari. Kwa hiyo mchanjaji lazima afike kabla ya jua, na kitongoji cha mama Selina kipo ng'ambo ya korongo lenye mawe, saa nzima kwa baiskeli.

Baiskeli aliipata kwenye mradi wa chanjo: baiskeli nzuri ya milimani, gia nane nyuma na spoketi moja tu mbele, lile duara la meno linalozungushwa na pedeli. Uzuri wake uliishia kwenye mawe. Jumanne cheni ilimtoka mara nne. Alipofika jua limeshapanda, na katika kuku zaidi ya mia mbili alichanja kumi na tisa.

Mama Selina, mwenyekiti wa kitongoji, hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mwanangu, kideri hakisubiri cheni. Njoo Alhamisi. Jua likikutangulia, nampigia yule mchanjaji wa pikipiki, na kitongoji kitakuwa chake."

Evodia aliumia. Watu walianza kumwita Daktari wa Kuku kwa kumcheka, lakini siku hizi walimwita hivyo kwa heshima, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Akikipoteza kitongoji kimoja, vingine vitasikia.

Jumatano aliikokota baiskeli hadi kibandani kwa Idrissa, fundi aliyekwisha kuitengeneza mara tatu. Idrissa akafanya kama kawaida yake: akaipindua, magurudumu juu, akazungusha pedeli kwa mkono. Cheni ikazunguka vizuri, bila hata kukwaruza.

"Dada, baiskeli nzima hii. Labda tatizo ni dereva."

Hapo Evodia akawaka kwa hasira. "Basi panda wewe."

Watu wote waliokuwa kibandani wakageuka. Idrissa ametengeneza baiskeli miaka kumi na tano, lakini hakuna aliyewahi kumwona juu ya baiskeli. Yeye hutembea kwa miguu, taratibu, kama mtu mwenye mambo yake. Sasa angekataaje mbele za watu? Akakunja suruali, akapanda, akashika njia ya mteremko nyuma ya soko.

Alipofika kwenye mawe aliacha kupiga pedeli ili ajishikilie vizuri. Baiskeli ikaruka mara mbili, ikalia krrr, na alipotaka kupiga pedeli tena miguu ikazunguka bure. Fundi akaingia kwenye matuta ya viazi vya watu. Evodia alikimbia kwenda kumwinua, lakini kicheko kilimzidi nguvu njiani.

Idrissa akainuka, ndevu zimejaa udongo, na cha ajabu uso wake ulikuwa na furaha.

"Nimeiona! Miguu ikitulia na gurudumu likiruka, cheni inapigapiga, inateleza inaangukia ndani. Mimi naipindua kule kibandani, itaruka wapi? Na zile zenye spoketi tatu zina kile chuma cha kuhamishia cheni, ndicho kinachoizuia. Hii yako haina kizuizi chochote. Nisamehe, dada. Dereva hana kosa."

Wakaanza kazi. Cheni ilikuwa ndefu mno, hivyo Idrissa aliipima kwenye gia kubwa ya nyuma, kisha akapunguza pingili mbili. Evodia akachukua sahani ya mama ntilie wa jirani, akachora miduara miwili kwenye dumu tupu la mafuta ya alizeti. Wakaikata, wakaitoboa katikati, wakaibana mmoja kila upande wa spoketi. Plastiki ilizidi meno kidogo, na cheni ikabaki katikati ya kuta mbili za njano. Haikupendeza hata kidogo.

Alhamisi saa kumi alfajiri Evodia alifika korongoni, chupa ya chanjo na barafu mgongoni. Siku nyingine angeteremka polepole, amebana breki. Safari hii aliomba Mungu kwa maneno machache akaachia breki. Cheni iligonga plastiki, tak, tak, tak, hadi ng'ambo, na haikutoka.

Kuku walikuwa bado wamelala. Alikwenda nyumba hadi nyumba, watu wakimshikia kuku kwa mwanga wa tochi, na jua lilipochomoza walikuwa wamebaki wa mama Selina peke yao. Alipomaliza na jogoo wa mwisho, mama Selina akaketi juu ya kinu kilicholazwa.

"Mwaka juzi kideri kilinimalizia kuku arobaini kwa wiki moja. Sikuwa na hasira na wewe Jumanne. Nilikuwa na hofu."

"Naelewa, mama."

"Lakini kwa nini unajitesa? Si uje jana yake ulale hapa? Kitanda kipo tangu binti yangu Happiness aolewe."

Evodia alimwangalia. Mwezi mzima amepigana na cheni, vitenge vyote vimelowa grisi, fundi amelazwa kwenye viazi, na kitanda kilikuwepo!

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilidhani hukutaka. Wachanjaji wote hufika, huchanja, huondoka. Hakuna aliyewahi kuniomba hata maji."

Evodia alicheka mpaka akakaa chini, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, kwa sababu hata yeye hakuwahi kuomba.

"Basi nipe maji, mama," alisema. "Na awamu ijayo nitalala."

"Uje na nguo za kulalia," mama Selina alisema akielekea jikoni. "Zangu utapotelea humo ndani."