Neno la Shangazi

Katika kiwanda kile cha magodoro, mpiga chapa wa ofisi alijulikana kwa jina moja tu: Kasuku. Si kwa sababu ya domo, la. Kila kilichosemwa na mtu alikirudisha kwenye karatasi vilevile kilivyotoka kinywani, hata vikohozi nusura aviandike. Mahojiano yakirekodiwa, kinasa sauti kililetwa mezani kwake, naye akasikiliza na kuchapa. Kazi ya masikio kwanza, vidole baadaye.

Hedifoni zake zilipokufa upande mmoja, meneja alimpa fedha akanunue nyingine. "Chukua nzuri," alimwambia. "Wewe ndiye masikio yetu."

Muuzaji wa vifaa vya simu alimwonyesha kwanza zile nzuri. Halafu akachomoa nyingine, vijidude vyeusi vya kuchomeka masikioni, bei ya kutupa.

"Jaribu hizi, dada yangu. Besi yake inapiga mpaka mbavuni. Hizo za ghali hazioni ndani."

Akajaribu kwa muziki, na kweli ngoma ilimtikisa. Akazichukua, akaomba aandikiwe risiti ya zile za ghali, na fedha iliyobaki ikageuka mkoba wa kahawia ambao alikuwa akiumezea mate miezi miwili.

Kwenye muziki vile vijidude vilikuwa moto wa kuotea mbali. Kwenye maneno, mambo yalikuwa mengine. Sauti za watu zilikuja nzito, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi, na herufi nyepesi zilimezwa na ule mvumo. Kasuku alilijua hilo tangu wiki ya kwanza. Akawa anakisia. Kwa kuwa alikisia vizuri, hakuna aliyeshtuka, naye akaendelea kuzisifu kwa wenzake: kizuri si lazima kiwe ghali.

Ndipo yakapotea marobota matatu ya vitambaa. Mpelelezi wa kampuni alikuja, akahoji watu kumi na mmoja kwa siku moja, akamwachia Kasuku kinasa sauti, akaenda zake. Wakubwa wa makao makuu wangeamua kwa kusoma karatasi tu. Aliyeshukiwa ni mtunza stoo, Mzee Kufuli, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alifunga mlango kisha akarudi mara mbili kuuvuta. Aliyekuwa akifagia ukumbi jioni ya wizi ni Shangazi, mjane wa marehemu mdogo wake mzee huyo.

Kasuku alifika penye maneno ya Shangazi akiwa amechoka. Alirudia mara moja, akasikia mvumo, akachapa: *Jioni ile nikamwona akitoka na mzigo.*

Shangazi aliitwa kutia sahihi. Alipapasa mfukoni, miwani hakuna. "Nisomee, mwanangu."

"Ni yaleyale uliyosema, Shangazi. Weka hapa."

Akaweka.

Baada ya siku tisa Mzee Kufuli alipewa barua ya kuachishwa kazi, na ndani yake yalinukuliwa maneno ya shemeji yake. Ukoo mzima ukamgeuzia Shangazi kisogo. Wafanyakazi nao wakawa wananyamaza akipita na fagio lake.

Asubuhi moja alimkuta Kasuku koridoni. "Mwanangu, mimi nilisema sikumwona," alisema taratibu. "Au uzee umenianza? Maana nimeanza kujitilia shaka mwenyewe."

Kasuku alisema angeangalia. Aliazima hedifoni za mhasibu, akafunga mlango, akasikiliza. Ile *s* ilikuwepo, kali kama ncha ya sindano: *Sikumwona.* Akarudia mara nne, kana kwamba ingeweza kubadilika kwa kuonewa huruma.

Sauti zilifutwa kila mwisho wa mwezi, na mwezi ulikuwa umebakiza siku tatu. Siku mbili alinyamaza. Alikula bila kuonja, akamkaripia binti yake kwa kosa la kuuliza chai iko wapi, na kila aliposikia fagio likikwaruza sakafu alijifanya anatafuta faili. Siku ya tatu miguu ilimpeleka kwa meneja. Alieleza yote, mpaka risiti na mkoba.

Meneja alijishika kichwa. Mzee akarudishwa kazini, Kasuku akapewa barua ya onyo na kukatwa mshahara. Lakini tangazo la ubaoni lilisema tu kulitokea hitilafu ya chombo. Watu wakampa pole. Kila pole ilimchoma kuliko tusi.

Akamfuata Shangazi, akamwambia kweli yote. Mama yule aliegemea fagio.

"Chombo nilikuwa nimeshakisamehe," alisema. "Wewe sijui bado. Nenda kwa shemeji. Huyo ndiye hajanisalimia wiki tatu."

Kule stoo, Mzee Kufuli alimsikiliza bila kumkatiza, kalamu mkononi. Kasuku alipomaliza, mzee aliuliza kitu kimoja: "Hiyo sauti ipo?"

Ilikuwepo, kwenye simu yake, alikoinakili kabla haijafutwa. Alimchomekea hedifoni za mhasibu, akabonyeza. Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho. Kumbe Shangazi hakuishia pale. Yalifuata maneno ambayo Kasuku alikuwa ameyapunguza, kwa kuona hayahusu kesi: kwamba shemeji yake huyo ndiye aliyemsomeshea watoto baada ya msiba, na kwamba mtu wa namna ile haibi kitambaa.

Mzee alizichomoa, akazishika kiganjani.

"Aliyasema haya kabla sijamfukuza mlangoni kwangu," alisema.

"Kosa ni langu, mzee."

"La kwako ni lako. La kwangu hukunichapia wewe." Akasimama, akamrudishia hedifoni. Hakusema amesamehe, wala Kasuku hakuthubutu kuuliza. "Leo anafagia wapi?"

"Ukumbi wa kushonea."

Mzee alitoka upesi upesi, akimwacha mpiga chapa peke yake katikati ya marobota. Mlango aliuacha wazi.