Chumba Ambacho Mashine ya Tano Haikuwa Nacho

Haya nimeyapata kwa mjukuu wangu wa kike, mtoto wa mwanangu wa pili, jana mchana alipokuja kunisuka. Alianza kusimulia akiwa utosini; alipofika kisogoni nilikuwa nimesahau hata kulalamika kwamba ananivuta.

Kazi yake ni kuchunga kompyuta za hospitali kubwa. Habari za wagonjwa ni nyingi, haziingii kwenye mashine moja, kwa hiyo zimegawanywa. Kila mashine ina fungu lake, na kila fungu lina nakala kwa mashine jirani, nakala hiyo wanaiita pacha. Juu yao ipo moja inayoitwa mkuu, ndiyo inayojua fungu gani liko kwa nani. Mjukuu wangu hakimbii huku na huku. Anakaa kwenye kiti chake, anaandika amri mara moja, na mashine zote zinaitekeleza kwa pamoja.

"Kama mwalimu na darasa lake," nikamwambia.

"Darasa gani hilo, mke mwenzangu? Watoto watakuuliza kwa nini. Hizi ukiziambia zijitupe kisimani, zinajitupa zote. Tulia nikusuke."

Basi, asubuhi moja mashine zilikuwa zimejaa takataka, yaani maandishi ya zamani ya shughuli zao. Akaziita kwanza, ndiyo desturi ya kazi yao: kila moja itaje jina lake. Zote zikaitika. Ndipo akaandika: ingieni chumba cha takataka, futeni kila mnachokikuta.

Sasa, mashine ya tano ilikuwa imebadilishiwa diski wiki iliyotangulia, na aliyebadilisha hakukitengeneza tena kile chumba. Ikatafuta mlango, ikakosa. Binadamu angerudi kuuliza. Yenyewe ikanung'unika mstari mmoja tu, kisha ikaendelea na nusu ya pili ya amri, ile ya kufuta, palepale iliposimama. Na ilikuwa imesimama katikati ya fungu lake la wagonjwa.

"Niliwauliza kama wapo," mjukuu wangu akasema, kitana kimemganda mkononi. "Sikuwauliza kama wote wanacho hicho chumba."

Hajamaliza kuusoma ule mstari, simu ikalia. Alikuwa dada wa usingizi, yule anayelaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa. Mbele yake yupo mama mmoja fundi cherehani, kidole tumbo kimempasukia. Mama yule aliwahi kupasuliwa miaka ya nyuma, na dawa ya usingizi ikamvimbisha koo nusura afe. Dawa gani? Jina halijui, anakumbuka tu kuamka na kumkuta mwanawe analia. Jina limeandikwa kwenye habari zake, na habari zake hazifunguki.

"Nina dawa mbili hapa," dada wa usingizi akasema. "Moja itamlaza, moja huenda ikamuua. Na daktari ameshanawa. Sikati simu, nakungoja."

Ofisini yupo mwenzake mmoja wanamwita Fasta, na jina limemkaa. Akaruka: "Zima zote, washa zote! Zikiamka zitajipanga."

"Mpaka ziamke zote ni mchana. Mama wa watu ana mchana huyo?"

"Basi pacha ashike zamu!"

"Pacha hushika zamu mwenzake akifa. Huyu wa tano hajafa. Mkuu akimwita anaitika 'nipo', kumbe ndani mtupu."

"Kama shemeji yangu," Fasta akasema.

Mjukuu wangu akaziandikia mashine zote swali lisilodhuru kitu: taja jina lako, useme umebeba mzigo kiasi gani. Majibu yakaanza kushuka. Yakashuka yote isipokuwa la mashine ya sita, na pacha wa tano anakaa humo.

"Zimejibu karibu zote, endelea!" Fasta akasema.

"Karibu zote si zote."

"Mtu anakufa, wewe!"

"Ndiyo maana nangoja. Nikimzima wa tano, na pacha naye awe mtupu, mkuu atafunga mlango kwa hospitali nzima. Hapo hatakuwa mgonjwa mmoja tena."

Kwenye simu mama fundi alisikika akiguna. Fasta akazunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mjukuu wangu hakuondoa macho kwenye kioo.

Mashine ya sita ikajibu. Kumbe ilikuwa bado inafagia takataka zake. Ikataja jina, ikataja mzigo: pacha yupo, mzima, amejaa.

Hapo akalifunga kabisa lile dirisha la kusemea na zote, vidole visije vikateleza, akafungua la mashine ya tano peke yake. Akaiuliza jina ingawa alilijua. Ikajibu. Akaiamuru isimame.

Mkuu akaita wa tano, kimya. Akaita tena, kimya. Ndipo pacha akashika zamu.

Habari za mama fundi zikafunguka. Mjukuu wangu akalisoma jina la dawa kwenye simu herufi kwa herufi, na dada wa usingizi akalirudia herufi kwa herufi.

"Hiyo nimeshaitoa kabisa mezani," dada akasema. "Ahsante, mdogo wangu. Ngoja kidogo."

Simu haikukatwa. Fasta, bila kuambiwa, akavuta kiti akaanza kukagua mashine moja moja, ipi nyingine haina kile chumba. Upande wa pili dada wa usingizi alikuwa akimsemesha mgonjwa wake.

"Mama, sasa hivi una nguo ya nani kwenye cherehani?"

"Sare za shule," mama fundi akajibu. "Mikono nimeshaiunga. Imebaki kola, na ile kola, mwanangu, inataka..."

Akalala.